Uhakiki wa kadi ya kumbukumbu

Uhakiki wa kadi ya kumbukumbu ni kazi ya kuthibitisha kwamba kadi ya kuhifadhia data (katika mazungumzo ya kila siku: memori kadi, au memori tu) ina ujazo ulioandikwa juu yake, na kwamba inarudisha bila kosa kila kilichowekwa ndani yake. Kadi hizo hutumika katika simu, kamera, spika za kubebeka, redio ndogo, kamera za ulinzi, kamera za magari, droni na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi.

Haja ya uhakiki inatokana na jambo moja: ujazo unaoonekana kwenye simu au kompyuta haukupimwa na simu wala kompyuta hiyo. Ni namba ambayo kadi yenyewe imeitaja ilipoulizwa. Namba hiyo huandikwa ndani ya kadi kiwandani, na mwenye vifaa vinavyofaa anaweza kuiandika upya. Kwa hiyo kadi yenye nafasi halisi ya gigabaiti (GB) 8 inaweza kujitambulisha kuwa ya GB 128, ikapokea mafaili ya GB 128 bila kulalamika, kisha ikapoteza zaidi ya tisa ya kumi ya kilichowekwa. Njia ya uhakika ya kugundua hilo ni kuijaza kadi hadi mwisho na kuisoma tena yote.

Maumbo na majina

Kadi zilizoenea zaidi leo ni za familia ya SD. Kadi kubwa ya SD, inayotumika hasa kwenye kamera, ina urefu wa milimita 32, upana wa milimita 24 na unene wa milimita 2.1. Ndogo yake, microSD, ina milimita 15 kwa 11 na unene wa milimita 1. Ndiyo inayoingia kwenye simu. Ilianza kuuzwa mwaka 2004 kwa jina la TransFlash, na ndiyo maana hadi leo vifurushi vingi na matundu ya spika huandikwa herufi TF. Kadi ya TF na kadi ya microSD ni kitu kilekile.

MicroSD huweza kuwekwa ndani ya adapta ili itumike kwenye tundu la kadi kubwa. Ubavuni mwa adapta hiyo kuna kitufe kidogo cha kuteleza kinachozuia kadi isiandikwe. Kitufe hicho kikishuka kwa bahati mbaya, kifaa husema kadi imefungwa, na watu wengi wamerudisha dukani kadi nzima kabisa kwa sababu hiyo tu.

Historia

Chipu za flashi zilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba. Alizitangaza kwa wataalamu wenzake mwaka 1984, na mwaka 1987 ikatangazwa aina ya NAND ambayo ndiyo inayotumika katika kadi za kumbukumbu. Sifa yake kubwa ni kwamba haipotezi data umeme unapokatika.

Kadi za mwanzo zilikuwa za maumbo mengi yasiyoelewana: CompactFlash ya mwaka 1994, SmartMedia ya 1995, MultiMediaCard ya 1997 na Memory Stick ya Sony ya 1998. Mwaka 1999 kampuni za SanDisk, Matsushita (Panasonic) na Toshiba zilitangaza kwa pamoja kadi ya SD, na mwaka uliofuata zikaanzisha chama cha kusimamia vipimo vyake, SD Association. Kadi za microSD za terabaiti (TB) 1, yaani GB 1,000, zilitangazwa mwaka 2019. Tarehe hiyo ina faida yake: kadi ya microSD iliyoandikwa "TB 1" ambayo mtu anasema aliinunua mwaka 2015 haina haja ya kupimwa.

Daraja za ujazo

SD Association imegawa kadi katika daraja nne kwa kufuata ujazo. Daraja la kwanza ni SD yenyewe, lenye kikomo cha GB 2. La pili ni SDHC, lililoanza mwaka 2006, kwa kadi zinazozidi GB 2 hadi kufikia GB 32. La tatu ni SDXC la mwaka 2009, linaloanzia juu ya GB 32 hadi TB 2. La nne ni SDUC la mwaka 2018, ambalo kikomo chake ni TB 128.

Daraja hizi zina maana kwa mnunuzi kwa njia mbili. Kwanza, kifaa cha zamani hakisomi daraja lililokuja baada yake kwa uhakika. Kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya SDHC inaweza kuikataa kadi halali ya GB 64, au kuomba ifomatiwe kila inapoingizwa. Kabla ya kununua kadi kubwa ni vema kutazama kitabu cha maelezo cha kifaa au nembo iliyochapwa karibu na tundu. Pili, nembo na namba lazima zikubaliane. Kadi iliyochapwa nembo ya SDHC pamoja na "64 GB" inajipinga yenyewe, kwa kuwa SDHC inaishia 32. Aliyeichapa hakujua kanuni, na kampuni inayotengeneza kadi kwa haki haikosei hapo.

Daraja huambatana pia na mfumo wa mafaili, yaani utaratibu ambao kifaa hutumia kupanga majina na mahali pa kila faili. SDHC hutumia FAT32, na SDXC hutumia exFAT. Katika FAT32 faili moja haliwezi kufikia GB 4. Mtu akijaribu kunakili filamu ya GB 5 kwenye kadi ya GB 32 iliyo tupu, ataambiwa haiwezekani ingawa nafasi ipo. Huo si udanganyifu wa muuzaji.

Upungufu usio wa udanganyifu

Kadi halisi ya GB 64 ikiingizwa kwenye kompyuta ya Windows huonyesha takriban GB 59.6. Ya GB 128 huonyesha takriban 119, ya GB 256 takriban 238, na ya TB 1 takriban GB 931. Wengi wakiona hivyo hudhani wamepunjwa.

Sababu ni hesabu mbili tofauti zinazotumia jina moja. Watengenezaji wa kadi huhesabu kwa kumi: GB 1 ni baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa mbili, ambapo kipimo kimoja ni baiti 1,073,741,824, lakini bado hukiita GB. Ukigawa 64,000,000,000 kwa 1,073,741,824 unapata 59.6. Kompyuta za Apple zimehesabu kwa kumi tangu mwaka 2009, hivyo kadi hiyohiyo huko huonekana kuwa na GB 64. Zaidi ya hapo, mfumo wa mafaili huchukua nafasi kidogo kwa ajili ya majedwali yake.

Kwa hiyo upungufu wa asilimia saba hivi ni wa kawaida. Na kinyume chake lazima kikumbukwe: kadi bandia nayo huonyesha 119 palepale panapotarajiwa. Kusoma namba ya ujazo kwenye skrini, jambo ambalo wauzaji wengi hulifanya mbele ya mteja kama uthibitisho, hakuthibitishi chochote.

Jinsi ujazo bandia unavyotengenezwa

Ndani ya kila kadi ya SD kuna vitu viwili: chipu ya flashi inayohifadhi data, na kidhibiti, ambacho ni kompyuta ndogo sana yenye programu yake. Kidhibiti kipo kwa sababu nzuri. Chipu za flashi hutoka kiwandani zikiwa na sehemu mbovu, na nyingine huharibika kwa matumizi. Kidhibiti huzikwepa sehemu hizo na kuifanya kadi ionekane nzima. Ni nafuu kuweka kidhibiti kuliko kutafuta chipu isiyo na kasoro. Mwishoni mwa utengenezaji, kiwanda hukipa kidhibiti programu na kukiambia ujazo wa kutangaza.

Mwezi Desemba 2013, wahandisi Andrew Huang (ajulikanaye zaidi kwa jina la bunnie) na Sean Cross walionyesha katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini Hamburg, Ujerumani, kwamba programu ya baadhi ya vidhibiti inaweza kubadilishwa na mtu wa nje baada ya kadi kutoka kiwandani. Huang alikuwa amelifuatilia suala hilo tangu 2010, baada ya kundi la kadi zenye hitilafu kufika kwenye mstari wa uzalishaji aliokuwa akiusimamia nchini China. Alinunua kadi nyingine sokoni, akayeyusha maganda yao na kutazama chipu zilizomo, akakuta kwamba maandishi ya nje na vilivyomo ndani havikulingana.

Namna kadi bandia inavyofanya kazi hueleweka kwa mfano wa daftari. Chukua daftari la kurasa 8 ambalo jalada lake limeandikwa "kurasa 128", lenye jedwali la yaliyomo mwanzoni. Mwandishi anaandika ukurasa wa 1 hadi wa 8 vizuri. Akifika wa 9, moja ya mambo mawili hutokea. Katika daftari la aina ya kwanza, ukurasa wa 9 kwa kweli ni ukurasa wa 1 tena: kilichokuwepo kinafutwa na kipya kinaandikwa juu yake. Katika aina ya pili, ukurasa wa 9 haupo kabisa. Kalamu inaandika hewani. Kwa vyovyote, jedwali la yaliyomo linaendelea kujazwa: "Sura ya tisa, ukurasa wa 9, sura ya kumi, ukurasa wa 10."

Ndiyo sababu mwenye kadi bandia huyaona majina ya mafaili yake yote, na ukubwa wa kila moja, hata tarehe. Kilichokosekana ni yaliyomo. Picha hufunguka nusu, nusu nyingine ikiwa ya kijivu. Wimbo huruka au hucheza wimbo mwingine katikati. Video hukataa kabisa. Mara nyingi picha ndogondogo za kwenye orodha hubaki safi, kwa sababu simu huwa imezihifadhi kwenye kumbukumbu yake ya ndani, na hilo humfanya mwenye simu aamini kwamba picha zenyewe zipo.

Kuchelewa kwa madhara

Ubaya wa ujazo bandia ni kwamba hauonekani siku ya kununua. Afrika Mashariki kadi nyingi huuzwa na maduka ya simu ambayo pia huweka nyimbo na filamu kwa malipo. Mteja hununua kadi ya GB 64, anawekewa GB 5 za bongo fleva, taarabu au mahubiri, anaisikiliza papo hapo, na kila kitu kinasikika vizuri. Kama ndani ya kadi kuna GB 8 za kweli, itaendelea kufanya vizuri kwa miezi mpaka kiasi hicho kivukwe. Siku hiyo ikifika risiti imeshapotea, na muuzaji wa barabarani ameshahama kona.

Mara nyingi kuvuka huko hutokea siku ambayo data ni nyingi na haiwezi kurudiwa. Mpiga picha za harusi hujaza kadi kwa siku moja kuliko alivyoijaza kwa mwezi mzima wa majaribio. Mwanafunzi anayekusanya mahojiano ya utafiti vijijini hurekodi wiki tatu mfululizo kabla ya kurudi kwenye kompyuta. Wote wawili watakuta orodha kamili ya mafaili yasiyofunguka.

Programu za kuokoa data kama PhotoRec hazisaidii katika hali hii. Programu hizo hurudisha faili lililofutwa kwenye orodha lakini ambalo yaliyomo yake bado yako kwenye chipu. Data iliyopelekwa kwenye nafasi isiyokuwepo haikuandikwa popote, na iliyofunikwa na nyingine haipo tena. Fundi anayeahidi kuirudisha anauza ahadi.

Dalili kabla ya kununua

Bei ni dalili ya kwanza. Chipu za flashi ni bidhaa yenye soko la dunia, na hakuna duka la Kariakoo, la Luthuli Avenue wala la Deira kule Dubai linaloweza kuuza kadi ya GB 512 kwa bei ambayo wengine wote huuzia ya GB 16. Punguzo la kawaida lipo. Punguzo la mara kumi halipo. Lakini kanuni hii haigeuki upande wa pili, kwani kadi bandia huuzwa pia kwa bei kamili, hasa zile zinazoiga majina makubwa.

Hapa inafaa kutenganisha makosa mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni kuiga jina: kadi ya mtengenezaji asiyejulikana huchapwa jina la kampuni kubwa. Jingine ni kuongopa ujazo. Kadi inaweza kuwa na kosa moja bila jingine. Ipo kadi isiyo na jina yenye GB 16 za kweli zinazofanya kazi kwa miaka, nayo ni bora kuliko yenye jina la kuigwa na GB 256 za hewa. Anayetafuta mahali pa kuhifadhi kazi yake anapaswa kuhangaikia ujazo kwanza.

Maandishi ya kadi husaidia kiasi. Herufi zilizopinda, wino unaotoka kwa kucha, makosa ya tahajia kwenye kifurushi, nembo ya daraja isiyolingana na ujazo: yote hayo ni sababu ya kuiacha kadi. Kadi iliyochapwa alama ya kasi ya UHS-II, inayoonyeshwa kwa namba ya Kirumi II, lazima iwe na mistari miwili ya vikanyagio vya shaba nyuma yake. Yenye mstari mmoja si UHS-II, hata kifurushi kiseme nini. Hata hivyo vifurushi vya kuigwa vimekuwa vizuri sana, na mtu asijivunie jicho lake.

Kila kadi ina pia kitambulisho cha ndani kinachotaja mtengenezaji, jina la bidhaa, namba yake na mwezi wa kutengenezwa. Kwenye kompyuta ya Linux yenye tundu la kadi lililounganishwa moja kwa moja, kitambulisho hicho husomeka. Kadi nyingi bandia huacha nafasi hizo wazi au huzijaza sufuri. Ila nacho, kama namba ya ujazo, kinaweza kuandikwa na yeyote mwenye vifaa.

Kwa mnunuzi wa kawaida, jambo lenye nguvu zaidi ni kukubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba kadi itapimwa nyumbani na itarudishwa ikishindwa, na kupata risiti inayotaja ujazo. Nchini Tanzania hiyo iwe risiti ya EFD. Muuzaji anayekataa sharti hilo ameshatoa jibu.

Kupima

Kanuni ya kipimo ni rahisi: andika data inayojulikana katika kila sehemu ya kadi hadi ijae, kisha isome yote na kulinganisha. Programu mbili za bure zinafahamika zaidi kwa kazi hii.

H2testw ni ya Windows. Iliandikwa na Harald Bögeholz kwa ajili ya jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Haihitaji kusakinishwa. Mtumiaji huchagua kadi, huagiza nafasi yote itumike, na programu huijaza kwa mafaili ya GB 1 kila moja. Baada ya hapo huyasoma na kutoa taarifa: kiasi gani kimerudi salama, kiasi gani kimepotea, na kama kilichopotea kilifunikwa na data nyingine.

F3 ni ya Linux na kompyuta za Apple. Mwandishi wake ni Michel Machado. Ina amri mbili kuu, f3write ya kuandika na f3read ya kusoma, zikifuata utaratibu uleule wa H2testw. Ina pia amri ya tatu, f3probe, ambayo haijazi kadi nzima bali huchunguza sehemu zilizochaguliwa ili kukadiria ujazo wa kweli kwa dakika chache. Hufaa zaidi kwa kadi tupu. Kwa Windows ipo ValiDrive ya Steve Gibson, inayochunguza maeneo 576 yaliyotawanyika kwenye kadi. Vipimo hivi vya haraka hukamata udanganyifu wa ujazo, ila haviwezi kugundua sehemu ndogo mbovu iliyo katikati ya maeneo yasiyoguswa.

Kipimo kamili huchukua muda. Kadi ya GB 128 inayoandika kwa megabaiti (MB) 10 kwa sekunde inahitaji sekunde 12,800 kujaa, yaani saa tatu na dakika 33, na bado haijasomwa. Ikiandika kwa MB 20 itachukua saa moja na dakika 47. Kisoma kadi cha zamani huongeza muda huo hata kama kadi ni ya kasi. Mwenye kompyuta ya mezani katika eneo lenye umeme wa kukatika afanye kazi hiyo saa ambazo umeme hutulia, kwa kuwa kipimo kilichokatika katikati hurudiwa mwanzo.

Kadi ipimwe ikiwa tupu. Programu hizi hazifuti mafaili yaliyopo, lakini kwenye kadi bandia data ya kipimo inaweza kuyafunika. Kama kadi tayari ina picha, zinakiliwe kwanza mahali pengine. Kipimo kikiisha, mafaili ya majaribio yafutwe au kadi ifomatiwe.

Asiye na kompyuta anaweza kufanya kipimo hafifu kwa simu: kuijaza kadi kwa video, kuitoa, kuirudisha, kisha kuzifungua video zote na kuzitazama mwanzo, katikati na mwisho. Kuitoa na kuirudisha ni lazima, vinginevyo simu inaweza kuonyesha nakala iliyobaki kwenye kumbukumbu yake ya muda. Video pia ziwe tofauti. Mtu akinakili video moja mara hamsini, nakala inaweza kufunika nakala na bado ikacheza, kwa kuwa yaliyomo ni yaleyale. Ndiyo maana programu za kupimia huandika data isiyofanana katika kila sehemu. Zipo pia programu za Android zinazofuata kanuni hiyohiyo.

Kasi

Ujazo ukishathibitika, programu hizohizo huonyesha wastani wa kasi ya kuandika na kusoma, na kasi hiyo hulinganishwa na alama za kwenye kadi. Herufi C yenye namba ndani (2, 4, 6 au 10) hutaja MB za chini kabisa ambazo kadi huandika kwa sekunde. Herufi U yenye 1 ni MB 10, na yenye 3 ni MB 30. Alama za V, kuanzia V6 hadi V90, ni za video, na namba yake ni MB zilezile kwa sekunde. Alama za A1 na A2 zinahusu kadi ya kuendeshea programu za simu, ambapo kinachopimwa ni wingi wa shughuli ndogondogo kwa sekunde.

Namba kubwa ya kwenye kifurushi, mathalani 100 MB/s, kwa kawaida ni kasi ya kusoma katika mazingira bora, siyo ya kuandika. Kuna mtego mwingine: kamera hutaja kasi ya video kwa megabiti, na kadi kwa megabaiti. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inahitaji MB 12.5 tu, hivyo kadi ya V30 inaitosha na kuzidi. Kadi iliyopita kipimo cha ujazo lakini inaandika chini ya alama yake hufaa kwa muziki na nyaraka, ila itakatisha video.

Kadi halisi nayo huchakaa

Kipimo kilichofaulu leo hakidumu milele. Seli za flashi huchoka kwa kuandikwa mara nyingi, na kadi za ujazo mkubwa kwa kawaida huhifadhi biti tatu au nne katika kila seli, jambo linalopunguza bei pamoja na uvumilivu. Kamera za ulinzi na za magari, zinazoandika usiku na mchana, humaliza kadi ya kawaida mapema. Kwa kazi hiyo hutengenezwa kadi maalumu za kustahimili. Kadi nyingine ikifika mwisho wake hujifunga: husomeka lakini haikubali kuandikwa. Hiyo ni nafasi ya kunakili kila kitu mara moja.

Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, Android inaruhusu kadi kufanywa sehemu ya kumbukumbu ya ndani ya simu. Kadi ikifanywa hivyo husimbwa, na haisomeki tena kwenye kifaa kingine. Kufanya hivyo kwa kadi ambayo haijapimwa ni hatari mara mbili, kwa sababu zikipotea data, programu zilizohamishiwa humo hukwama pamoja nazo.

Kadi iliyoshindwa kipimo

Hatua ya kwanza ni kuirudisha kwa muuzaji pamoja na risiti na picha ya matokeo ya kipimo. Muuzaji mdogo mara nyingi amedanganywa pia na aliyemuuzia kwa jumla, na picha hiyo humsaidia kudai kwake. Nchini Tanzania malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupelekwa kwa Tume ya Ushindani (FCC). Nchini Kenya ipo mamlaka maalumu ya kupambana na bidhaa ghushi, iliyotokana na sheria ya mwaka 2008. Aliyenunua kupitia mtandao hudai kwa utaratibu wa soko husika, ambao kwa kawaida una ukomo wa siku. Kwa hiyo kipimo kifanywe siku kadi inapofika.

Ikishindikana kurudishwa, amri ya f3fix, iliyo katika F3, inaweza kuigawa kadi upya ili sehemu ya kweli pekee itumike, mathalani GB 8 kati ya 128 zilizotangazwa. Kadi hiyo itafaa kwa nyimbo au kitu kingine chenye nakala mahali pengine. Iandikwe ujazo wake wa kweli kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu mtu akiifomati siku nyingine kwenye simu inaweza kurudi kutangaza GB 128.